Kituo cha sonona cha Nyawera: nyota nne, na sababu ya kukinyima ya tano

Naanza na hukumu, maana najua wengi wenu mnasoma mistari miwili ya juu kisha mnauliza bei. Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyobakiza imekwamia kwenye dirisha lao la dawa, na nitalifikia. Jina la kituo silitaji, kwa sababu wengi wanaopanda ngazi zile hawapendi jirani ajue mlango wanaoingia. Ukifika Nyawera, hapa kwetu Bukavu, Kongo, uliza ghorofa iliyo juu ya duka la betri na paneli za jua, utaelekezwa.

Mimi ni laborantini. Miaka mingi kazi yangu imekuwa mikroskopi: tone nene la malaria, makohozi ya kifua kikuu, kinyesi cha watoto. Kwa hiyo mtu akiniambia habari za seli, huwa namsikiliza kwa jicho moja limefumba. Niliyempeleka pale ni mdogo wangu, mfanyabiashara wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Alikuwa ameacha kushuka ziwani alfajiri kupokea mitumbwi, kisha akaacha kuhesabu pesa zake, mwisho akaacha hata kugombana na wateja wenye madeni, na hapo ndipo nilipoogopa. Ameniruhusu kuandika haya mradi nisimtaje jina wala mtaa.

Bei kwanza. Konsiltasiyo ya kwanza ni dola 10, zinazofuata dola 5, na kikao cha pamoja cha Jumamosi hakilipiwi. Njooni na keshi, na noti ziwe safi. Dada wa mapokezi anaigeuza kila noti kwenye mwanga, na akiona kamchaniko hata ka ukucha anaikunja na kukurudishia bila neno. Namuelewa, maana sokoni nako wataikataa. Lakini kumfanyia hivyo mtu ambaye hajalala usingizi wa maana kwa muda mrefu, akaondoka kutafuta mtu wa kumbadilishia noti barabarani, si vizuri. Wangeandika mlangoni.

Chumba cha kungojea ni kidogo na dirisha lake linatazama barabara. Makonda wanaita "Kadutu! Kadutu! Essence!" mpaka masikio yanauma. Viti ni vya plastiki na vinatosha. Foleni inafuata namba, na namba inaheshimiwa hata akija mtu mwenye tai, jambo ambalo katika mji huu linastahili pongezi.

Kikao cha kwanza ni cha maswali. Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, anauliza kuhusu usingizi, chakula, uchovu, hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda, na kama hali hiyo imezidi wiki mbili. Kisha anauliza, bila kuzungukazunguka, kama umewahi kuwaza kujiua. Mdogo wangu alinitazama. Muuguzi akaniambia, "Mama Labo, utungojee kidogo inje," nikatoka. Walivyofanya ni sawa kabisa. Kuna mambo mtu hawezi kuyasema mbele ya dada yake mkubwa.

Baadaye wakaandika vipimo: hemoglobini, sukari na homoni ya tezi la shingo. Hapo nikaanza kuwaheshimu. Mtu mwenye damu pungufu anachoka na kukosa hamu, na mtu ambaye tezi lake la shingo limelala anakuwa mzito, mwenye huzuni na baridi, ukadhani ni sonona kumbe ni homoni. Sisi wa Kivu tusilisahau hilo. Kisiwa cha Idjwi kilijulikana duniani kwa wagonjwa wengi wa goita, uvimbe wa tezi hilo la shingo, kwa sababu ya upungufu wa madini ya iodini. Daktari anayempa mtu vidonge vya sonona bila kuuliza habari za shingo yake huyo simwamini. Vipimo vilirudi vizuri, yaani ugonjwa haukuwa kwenye damu wala kwenye tezi.

Sasa nifike kwenye kile mnachokilipia hasa pale, yaani kikao cha pili. Muuguzi yule yule anafungua daftari la kawaida la mistari, lile la wanafunzi, na kuchora. Hana kompyuta wala sanamu ya plastiki, ana kalamu ya bluu na nyekundu tu. Akachora seli moja ya neva yenye kiini, mwili, mkia mrefu na matawi mengi juu yake. Kisha kwenye kila tawi akachora vijimwiba vidogo vidogo, kimoja kimoja, kwa uvumilivu uliomfanya hata mdogo wangu ainue kichwa. "Hivi vimiba," akasema, "ndipo seli ingine inapoleta habari yake. Hapo ndipo sinapsi inapokaa, pale seli mbili zinapounganika."

Akamwambia kwamba mtu anapokaa kwenye mashaka muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo humwaga kotisoli bila kupumzika. Homoni hiyo inaingia hadi kwenye ubongo, na kuna sehemu inayoipokea zaidi, hipokampasi, iliyo ndani upande wa masikio, ambako kumbukumbu hupangwa. Hilo si la kubuni. Bruce McEwen wa New York alionyesha mwaka 1968 kwamba hipokampasi ina vipokezi vya homoni hizo, na miaka ya 90 yeye na wenzake waliwabana panya saa 6 kila siku kwa siku 21, wakazitazama seli zao chini ya mikroskopi. Matawi yalikuwa yamekuwa mafupi na machache. Seli zenyewe zilikuwa hai. Panya walipoachwa wapumzike, matawi yakarudi.

Mdogo wangu akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu mwanzo: "Ni kusema seli zangu zilishakufa?"

"Hapana, kaka. Ziko. Zilipunguza tu matawi. Muti wa avoka wakiukata matawi, shina si linabakiaka? Na unaota tena."

Mfano huo wa avoka aliutumia mara moja, akauacha, akarudi kwenye mchoro. Nilimpenda kwa hilo. Kuna wauguzi wanaoukamata mfano mmoja wakausukuma mpaka unapoteza maana.

Kama laborantini nilitaka kujua jambo moja: hayo ni ya panya, je, ya watu? Nikamuuliza. Hakukasirika, akageuza ukurasa. Na hapa nawaeleza nilivyoelewa, pamoja na niliyoyasoma mwenyewe usiku, maana nilirudi nyumbani nikatafuta.

Ubongo wa mtu aliye hai huwezi kuuchovya sindano ukatoa tone ukaliweka kwenye kioo. Kwa hiyo wanasayansi walitumia ubongo wa watu waliokwisha kufa, ambao familia zao zilikubali, wakaukata vipande vyembamba sana, wakavitia rangi, wakakaa kuhesabu. Kuhesabu! Kazi yangu mimi. Mwaka 1998 Dost Öngür, Wayne Drevets na Joseph Price walitazama kipande cha ubongo kilicho chini mbele, nyuma ya paji la uso, kwa watu waliokuwa na sonona. Seli za neva zilikuwa idadi ile ile. Zilizopungua ni seli za glia, zile zinazolisha neva, kusafisha mabaki na kuzuia kemikali isizagae. Mwaka 1999 Grazyna Rajkowska na wenzake wakatazama sehemu nyingine za mbele, nao wakakuta glia zimepungua na miili ya seli za neva imekuwa midogo.

Kazi iliyonikaa kichwani zaidi ni ya Craig Stockmeier na wenzake, ya mwaka 2004, kwenye hipokampasi. Walihesabu seli wakakuta katika nafasi ile ile kuna seli nyingi zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wasio wagonjwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisema hawa wamekosea kuhesabu, maana kama kuna upungufu, seli zingekuwa chache. Kisha nikaelewa. Seli hazikuongezeka, zimesogeleana. Kilichopungua ni kile kilicho katikati yao, yaani matawi, vimiba na nyuzi, ile nyama laini isiyo na viini ambayo sisi wa mikroskopi huipita haraka tukitafuta kitu cha kuhesabu. Nilifunga simu nikakaa kimya jikoni. Miaka yote hii nimezoea kuamini kwamba ugonjwa ni kitu kinachoonekana kimeongezeka, mdudu au usaha au chembe ya ajabu. Hapa ugonjwa unaonekana katika nafasi iliyokuwa na kitu na sasa haina.

Mwaka 2012 kundi la Ronald Duman, pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, lilitumia mikroskopi ya elektroni kwenye vipande vya mbele ya ubongo, likakuta sinapsi zimepungua kwa waliokuwa na sonona kali. Na mwaka 2019 wengine wa Yale walifanikiwa kulitazama jambo hilo kwa watu walio hai. Waliwadunga dawa yenye mnururisho inayong'ang'ania protini moja iliyoko kwenye sinapsi, kisha wakawapiga picha. Kadiri dalili zilivyokuwa nzito, ndivyo sinapsi zilivyoonekana chache. Machine ya namna ile hatutaiona Bukavu kesho wala keshokutwa, hilo tukubaliane. Daftari na kalamu mbili vinatosha kwa sasa.

Kitu kingine alichochora kilimgusa mdogo wangu kuliko hipokampasi. Ni amigdala, kile kijisehemu kidogo kinachoshughulika na hofu. Huko mambo yanakwenda kinyume. Watafiti wa Bangalore, India, walionyesha mwaka 2002 kwamba mateso yale yale yanayopunguza matawi kwenye hipokampasi ya panya huyaongeza kwenye amigdala. Na baadaye wakaona kwamba, tofauti na hipokampasi, amigdala hairudi haraka mateso yakiisha. Muuguzi alichora seli mbili upande kwa upande, moja yenye matawi machache na nyingine imejaa hadi pembezoni mwa karatasi. Mdogo wangu akaweka kidole kwenye ile iliyojaa. Hakusema kitu, lakini sisi tunaokaa naye tunajua. Mlango ukigongwa usiku anaruka. Pikipiki ikitoa mlio mkali anainama. Nani katika mji huu haelewi?

Sasa malalamiko, maana sikuja kuwaimbia sifa.

Ukutani, juu ya kiti cha mgonjwa, kuna bango kubwa la rangi lililotoka kwa wauza dawa. Linaonyesha ubongo wa mtu "mzima" na ubongo wa mtu "mwenye sonona", na huo wa pili umenyauka mpaka una mashimo. Libandueni! Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2016, uliokusanya picha za wagonjwa 1728 na watu 7199 wasio na sonona, ulikuta hipokampasi ya wagonjwa ikiwa ndogo kwa takriban asilimia 1.24. Asilimia moja na kitu! Na upungufu huo ulionekana kwa waliougua mara kwa mara au walioanza wakiwa vijana. Kwa walioipata mara ya kwanza haukuonekana. Tofauti hiyo inapatikana kwa hesabu ya watu maelfu, huwezi kuiona kwa jicho kwenye kichwa cha mtu mmoja. Mgonjwa aliyekaa chini ya bango lile anatoka akiamini ana tundu kichwani. Mdogo wangu alikuwa analitazama kabla muuguzi hajafungua daftari, na nadhani swali lake la seli kufa lilitokea pale.

Bango hilo hilo linasema sonona ni "upungufu wa serotonini", ile kemikali inayopitisha habari kati ya seli za neva, kwa herufi kubwa, utadhani ni hemoglobini unayoweza kuipima asubuhi ukapata jibu saa sita. Nilimwambia daktari wao. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, na haukupata ushahidi thabiti kwamba wenye sonona wana serotonini pungufu. Daktari akatabasamu: anajua, na yeye mwenyewe hasemi hivyo tena. Basi ukuta usiseme. Tena wazo lile la kemikali lilianzia mahali penye historia ninayoipenda. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View kule New York, wagonjwa waliopewa iproniazidi, ndugu wa ile isoniazidi tunayoigawa hapa kila siku, walichangamka kupita kiasi. Dawa ya makohozi ikafungua mlango wa dawa za huzuni. Hayo ndiyo ya kuandika ukutani.

Fluoksetini, ambayo ndiyo walimpa mdogo wangu, miligramu 20 kila asubuhi, inagusa serotonini ndani ya saa chache. Lakini moyo hauinuki ndani ya saa chache, huchukua wiki. Maelezo ya muuguzi, na hapa alikuwa makini, ni kwamba huenda katika wiki hizo seli zinarudishiwa chakula chao, protini inayoitwa BDNF, na matawi na vimiba vinaanza kujengwa. Kuna watafiti wa Helsinki walioonyesha mwaka 2021 kwamba dawa hizi zinashikamana moja kwa moja na kipokezi cha protini hiyo. Alisema "huenda". Nilimwandikia alama ya pongezi kichwani mwangu.

Alipoteleza ni aliposema dawa "inazalisha seli mpya za ubongo". Kwa panya, ndiyo: mwaka 2003 kundi la René Hen lilizuia seli mpya kuzaliwa kwenye hipokampasi kwa kutumia miale ya eksirei, na dawa ikapoteza nguvu katika vipimo vyao. Kwa binadamu mzima, wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2018 pekee zilitoka kazi mbili, moja ikisema karibu hakuna seli mpya baada ya utotoni, nyingine ikisema zinazaliwa mpaka uzeeni. Nilimwambia baada ya kikao, pembeni, si mbele ya mgonjwa. Akaandika pembeni ya daftari lake: "panya ndiyo, watu bado." Juma lililofuata nilimsikia kupitia pazia akimweleza mtu mwingine hivyo hivyo. Vituo vingapi mnavijua ambavyo mteja anasahihisha jambo na jambo linasahihishwa?

Faida ya somo lile ilionekana nyumbani. Siku za mwanzo za dawa mdogo wangu alikuwa na kichefuchefu, kichwa kinamuuma, na huzuni iko pale pale. Mama yetu akasema dawa ya wazungu imeshindwa, kuna jirani mwenye kijicho, tuitishe maombi. Maombi yalifanyika, siyakatai, na mchungaji alikuja akala ugali na sambaza akaenda zake salama. Lakini mdogo wangu aliendelea kumeza. Mama alipomuuliza kwa nini anang'ang'ania kitu kinachomtapisha, alichukua karatasi aliyochorewa, akamwonyesha: "Mama, matawi haiotake kwa siku mbili." Mama hajui kusoma Kifaransa cha kwenye boksi la dawa, lakini mchoro aliuelewa, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayemkumbusha kidonge.

Pia walimwandikia kutembea, kwenye karatasi ya dawa kabisa, chini ya fluoksetini. Nilidhani ni utani. Lakini kuna utafiti wa mwaka 2011 ambapo wazee 120 waligawanywa makundi mawili. Wale waliotembea dakika 40 mara 3 kwa wiki kwa mwaka mzima, hipokampasi yao iliongezeka kwa takriban asilimia 2, na wale waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu yao ilipungua. Hawakuwa wagonjwa wa sonona, nisiwadanganye, lakini ni sehemu ile ile ya ubongo. Na Bukavu, dakika 40 za kutembea maana yake ni mlima, utake usitake. Anashuka hadi ukingo wa ziwa na kupanda tena. Anaporudi analalamika magoti, na mtu anayelalamika magoti angalau anasema neno.

Dirisha la dawa sasa. Linafunguliwa wakati linapojisikia. Kijana aliye nyuma yake hatazami fishi ya mgonjwa, ile kadi ya habari zake, anatazama simu. Tulipokwenda kuongeza dawa, akatupa vidonge vya siku chache tu: "Bimeisha, mutarudia." Dawa hii haikatwi ghafla. Ukiiacha bila kuelekezwa unaweza kupata kizunguzungu, wasiwasi, na ugonjwa wenyewe kurudi. Muuguzi ametumia dakika arobaini kumweleza mtu umuhimu wa kutoacha, halafu kijana wa dirishani anamwachisha kwa neno moja. Na siku nyingine akatuletea boksi lisilo na tarehe ya mwisho inayosomeka, nikamrudishia. Fluoksetini iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, haipaswi kuwa kitu cha kubahatisha. Ushauri wangu: ombeni karatasi ya dawa mikononi mwenu, nunueni kwenye farmasi mnayoiamini, tena mapema kabla hakijabaki kidonge kimoja.

Fishi na karatasi zao zote ni za Kifaransa. Nyingine zina maneno ambayo hata mimi niliyasoma mara mbili. Maelezo ni ya Kiswahili kizuri, Kiswahili cha hapa hapa, lakini karatasi unayokwenda nayo nyumbani haikusaidii kama hujasoma shule. Wamesema wanatafsiri. Nimengoja, sijaona.

Kikao cha Jumamosi sikukipenda mimi, mdogo wangu anakipenda. Watu wanakaa mduara wanasimulia, na kuna mzee mmoja anayesimulia kuliko wote. Lakini hapo ndipo alipokutana na mwuza sambaza mwingine mwenye shida ile ile, na sasa wanapokezana kushuka kupokea mitumbwi. Akishindwa mmoja, mwingine anachukua mzigo wa wote wawili. Hilo kituo hakikulipanga, na sidhani wanalijua.

Nani asiende pale? Mtu aliye katika hatari sasa hivi. Wanafunga saa kumi jioni, Jumapili hakuna mtu, na namba yao ya simu usiku inalia tu bila kupokelewa. Nimeijaribu. Ikiwa ndugu yako anasema anataka kufa, au amekusanya vidonge, au haelewi tena yuko wapi, msingoje namba wala foleni. Ondoeni dawa na kamba na sumu ya panya nyumbani, mpelekeni hospitali kubwa iliyo karibu, na asibaki peke yake hata kwa kwenda msalani. Kituo cha Nyawera ni cha mtu anayeweza bado kupanda ngazi, akakaa, akasikiliza. Kwa mtu huyo, njooni Jumanne au Alhamisi asubuhi, ndizo siku ambazo muuguzi wa daftari yuko. Siku nyingine kuna kijana mpole sana, lakini yeye hachori.